Anwani Yenye Jina Letu

Ofisini walimwita Waya, na jina likamkaa, maana mitandao yote ya ile kampuni ya bima ya afya ilipita mikononi mwake. Siku hiyo kiti kilimchoma. Alikuwa anampigia mama yake, na simu ya mama inatumika. Akasimama, akaenda dirishani, akapiga tena. Inatumika.

Kisa chenyewe ni hiki. Huko nyuma kampuni ilishirikiana na mafundi wa nje, wakaiundia ukurasa wa wanachama kuhakiki taarifa zao. Waya ndiye aliyeweka njia: ukiandika anwani yenye jina la kampuni, unapelekwa kimyakimya kwenye kompyuta walizokodi wale washirika, wala hujui kwamba umeingia nyumba ya watu wengine. Baadaye meneja wa masoko akavunja mkataba. Akamwambia mkurugenzi, akamwambia mhasibu, hata mfagizi alijua. Waya hakuambiwa. Washirika wakahama, nafasi yao ikabaki wazi, na njia ikaendelea kupeleka watu kule kule. Sasa tapeli gani angeuacha mwanya huo? Mmoja akaikodi ile nafasi, akabandika nembo na rangi za kampuni, akaanza kuwauliza watu kitambulisho na namba ya siri ya pesa za simu.

Mwanachama mmoja alipopiga kulalamika ndipo Waya akaufungua ule ukurasa, na papo hapo akamkumbuka mama yake. Asubuhi hiyo hiyo mama alimuuliza kama ni salama kujaza mambo yake humo. Naye, akiwa mbiombio anatafuta viatu, alimjibu kwamba akishaona jina la kampuni pale juu, ajaze tu bila wasiwasi. Bila wasiwasi, jamani! Na mama yake ni mtu ambaye ukimwambia kitu huhitaji kumrudia mara mbili.

Meneja akaja mbio, eti wasubiri kwanza mkurugenzi aidhinishe, maana kufunga ukurasa ghafla kutalitia doa jina la kampuni. Yalikuwa yamemfika Waya kooni.

"Jina lenyewe ndilo linaloibia watu," akamwambia, na akaikata njia mbele ya macho yake.

Lakini kukata si kumaliza. Mitandao ya simu huikumbuka njia ya zamani kwa muda, kwa hiyo huko nje watu walikuwa bado wanaingia. Waya akapiga tena.

Safari hii mama akapokea. Waya hakusalimia hata kidogo, akauliza kama ameshajaza.

"Sijajaza, mwanangu. Maandishi madogo mno, na miwani sijui nimeiweka wapi."

Waya akajibwaga kitini. Alitaka kucheka, alitaka kulia.

"Mama, usijaze. Ufunge kabisa."

"Usijali, wenzangu wa kikundi wana macho mazima. Nimewatumia wote hiyo anwani, tangu asubuhi nawapigia mmoja mmoja kuwaelekeza. Wengine waliogopa ile namba ya siri, nikawaambia wajaze tu, mwanangu ndiye mlinzi wa hapo." Mama akacheka kwa furaha. "Wamemaliza. Wanakushukuru sana."