Siku Mkaguzi Alipopanda kwa Akina Pascoe

Jumanne saa tatu na robo asubuhi, Tamsin Pascoe alikuwa mezani jikoni, kitoto kichanga kimemlalia begani, akikata chapati ya maji vipande vinane ili mdogo wake Clover aelewe kwamba robo moja na vipande viwili kati ya vinane ni kitu kilekile. Clover, mwenye miaka tisa na ubishi wa mtu wa sitini, aliviangalia vipande, akavisogeza, akala kimoja kwa uchunguzi, kisha akapiga meza.

"Aaa! Kumbe ni yuleyule, kabadili nguo tu!"

Nyumba ikapanda wanda mmoja, upana wa kidole. Vikombe vikagongana kabatini. Mama yao, Leanne, aliyekuwa chumba cha pili akipanga mafaili, akapaza sauti:

"Nani huyo?"

"Clover. Sehemu," Tamsin akajibu.

"Andika!"

Huko milimani nyuma ya mji wa Lismore nyumba nyingi zimejengwa juu ya nguzo, hivyo mwanzoni hakuna aliyegundua. Nyumba ya akina Pascoe iliagana na nguzo zake mwaka ule Leanne alipowatoa watoto shuleni akaanza kuwasomesha mwenyewe. Mtoto akielewa jambo kwelikweli, inapanda. Kukariri hakuiinui hata unywele. Likizo ya Krismasi watoto husahau, nayo hushuka polepole, hata ikifika mwisho wa Januari imeshatua juu ya nguzo kama kuku juu ya mayai. Baba yao, dereva wa mashine ya kuvuna kokwa za makadamia, alikuwa ameunga ngazi mara tatu na mpira wa maji mara nne. Jirani, Mzee Merv, alilalamika mara moja tu kwamba kivuli kinazinyima jua nyanya zake. Akapelekewa jemu, maneno yakaisha.

Sasa ilikuwa Agosti, nyumba iko futi kumi na nane, na mkaguzi wa usajili wa wanaosomea nyumbani alikuwa anakuja Alhamisi.

Tamsin, miaka kumi na nne, alitaka kitu kimoja: saa moja kila asubuhi, mlango umefungwa, yeye na kitabu chake cha aljebra. Alikuwa amekwama ukurasa wa thelathini na moja tangu kitoto kizaliwe. Alishamwambia mama yake. Mama akamkumbatia kwa mapenzi yote.

"Mwanangu, ukimfundisha Clover si unajifunza mara mbili?"

Kisha akaandika daftarini: Tamsin, hisabati, saa moja. Wanaosomesha nyumbani hawapotezi kitu. Kwao kumenya viazi ni jiometri, na kumfukuza mbuzi wa jirani ni mazoezi ya viungo na sheria pia. Kwa hiyo Tamsin alikuwa amejipanga: mkaguzi akimuuliza tu, anasema ukweli.

Alhamisi mkaguzi, Bwana Tranter, alishuka kwenye gari, akatazama juu, akavua kofia, akapanda.

"Samahani kwa ngazi," Leanne akasema.

"Ah, hii nafuu. Wiki iliyopita nilikuwa kwa watu wanaosoma historia. Marehemu watatu wameketi mezani, na kiti cha mgeni hakuna."

Aliweka juu ya meza pimamaji la kuonyesha kama nyumba inasogea, akaomba waanze. Jarrah, anayemfuata Tamsin, miaka kumi na miwili, alieleza kwa nini mwezi hupungua, na katikati ya maelezo akaligundua kosa lake mwenyewe, akalirekebisha; nyumba ikapanda shibiri nzima. Clover akafuata na sehemu zake. Kisha wakafika kwa mdogo wao, Wilf.

Wilf alikuwa na miaka sita na hajawahi kusoma neno. Tangu Machi Tamsin alikuwa akimshika kidole na kukipitisha chini ya herufi, kila siku, kitoto kikimvuta nywele. Bwana Tranter akatafuta kitu cha kusoma, akachukua gunia lililoegemezwa mlangoni.

"Jaribu hapa, bwana mkubwa."

"Cha... chaku... chakula. Cha. Kuku." Wilf akasogeza kidole. "Usi... usile. Usile!" Akageuka. "Dada Tam! Mbona mimi nilikula?"

"Endelea, we mlafi!" Tamsin akapiga kelele.

"Maneno yananiongelesha, Tam! Yananiongelesha!"

Nyumba ikaruka futi sita kwa mpigo. Chai ikamwagika, mapazia yakajaa upepo, Clover akacheza juu ya kiti, na Wilf akatimua mbio akisoma friji, sabuni, soksi za baba, kila neno likiwanyanyua. Tamsin alikuwa akicheka na kulia pamoja. Kazi yake hiyo, na kila mtu aliijua.

Bwana Tranter alikausha karatasi zake kwa leso.

"Na huyu mkubwa?"

"Mimi nimekwama ukurasa wa thelathini na moja," Tamsin akasema.

Pimamaji halikutikisika. Mkaguzi akafunua faili.

"Naona hapa hisabati, saa mia mbili na kumi. Uongozi. Mawasiliano. Malezi."

"Hizo ni saa za Clover. Na za Wilf."

"Na zangu zimo," Jarrah akaongeza, mdomo umejaa keki.

"Anajifunza kwa kufundisha," Leanne akasema kwa upole, naye aliamini.

Bwana Tranter akaitazama sakafu iliyotulia, akaandika: Tamsin, mtulivu, hayumbi. Akawapa usajili wa miaka miwili, kiwango cha juu kabisa. Ngazi haikufika tena chini, akamalizia kushuka kwa shuka mbili zilizofungwa pamoja, faili kaliuma kwa meno, akawapungia mkono kutoka chini.

Wilf hakunyamaza mchana kutwa. Ilipofika saa kumi, dirisha la jikoni likavuka kilima cha mashariki.

"Bahari!" Clover akapiga yowe. "Njooni, bahari!"

Walikuja wote mbio. Mbali kabisa, juu ya mstari wa maji, palikuwa na meli, lakini nusu ya juu tu.

"Dada Tam," Wilf akauliza, "mbona ile imezama miguu na haiendi chini?"

Tamsin akabandika pua kwenye kioo. Hakuwahi kutaka kujua kitu kama alivyotaka kujua hicho. Akahisi vidole vya miguu vinamwasha.

"Subiri," akasema. "Subiri, nifikirie."

"Tam," Leanne akaita kutoka chumbani, "kitoto kimejichafua."

Akaenda. Nyuma yake akamsikia Jarrah akianza kumweleza Wilf kwa chungwa na kijiti cha kiberiti. Alipokuwa akifunga nepi sakafu ikanyanyuka chini ya nyayo zake, taratibu, kwa mara nyingine. Aliporudi dirishani, meli ilikuwa inaonekana nzima mpaka chini inapogusa maji, na hapakuwa na cha kuuliza.