Nakala Arobaini na Tano za Afande Matia

Hajarah aliondoka wiki tatu tu. Alikwenda Buwenge kumsaidia dada yake aliyejifungua mapacha, na aliporudi ofisini Mbale alikuta kompyuta imevimbiwa kama mtu aliyekula pilau ya harusi mbili siku moja.

Ofisi ilikuwa stoo ya zamani kule Industrial, mtaa wa viwanda, bado inanuka magunia ya kahawa. Kazi yake ilikuwa kuandika majina na picha za watu waliotekwa na waasi wakatoka porini, ili warudishwe makwao sasa bunduki zilipoanza kunyamaza. Lori la kuwapeleka kaskazini lingeondoka Kimaka, Jinja, kesho alfajiri. Karatasi ya majina yenye muhuri ilikuwa iondoke Mbale leo saa nne na pikapu ya dereva Bakhit. Asiyekuwa kwenye karatasi hapandi, na safari nyingine itakuwa lini, hata wakubwa hawakujua.

Saa tatu na nusu, printa haikutoa hata nukta.

Kwenye benchi alikaa Akello, askari wa magereza mzaliwa wa Lira, kofia yake mapajani. Mdogo wake Romano alitekwa akiwa na miaka kumi na mmoja. Sasa ana kumi na tisa, yuko kwenye makazi ya muda kule Jinja, na mama yao amekwisha kufagia nyumba.

"Dada Hajarah," alisema Akello, "hiyo kitu imekufa?"

"Haijafa, afande. Imeshiba."

Aliandika df -h, amri ya kuuliza diski imebaki na nafasi kiasi gani. Jibu: imejaa asilimia mia. Wiki tatu zilizopita ilikuwa thelathini. Akaandika du -sh *, kujua nani amekula nini. Skrini ikatiririka: nakala-1, nakala-2, nakala-3, mpaka nakala-45, kila moja nono, imejaa mapicha.

Hajarah aligeuka polepole.

"Afande Matia."

"Ndiyo!" Mzee aliitika wima. Ndiye aliyemshikia kazi wiki zile tatu: sajini mstaafu, na jeshini alikaa stoo miaka ishirini.

"Hizi nakala zote ni za nini?"

"Kila jioni natoa tatu. Moja ya ofisi, moja ya wakubwa, moja ya hatari. Serikali ni nakala tatu. Wewe hujui?"

"Hiyo ni karatasi, bwana! Hii ni diski!"

"Mimi nafuata amri. Amri yako iko pale." Akaonyesha ukuta. Kweli, palibandikwa mwandiko wa Hajarah mwenyewe, aliouacha siku ya kuondoka: *Asili usiiguse. Toa nakala kwanza: cp -r*. Chini yake Afande alikuwa amepiga muhuri. Mihuri mitatu.

Hajarah alitamani kucheka na kulia, akakosa nafasi ya vyote viwili. Nje Bakhit alipiga honi.

"Hajarah weee! Nikichelewa Jinja watanikaanga!"

"Subiri, Bakhit! Washa injini uizime, ujishughulishe!"

Alijipinda juu ya kibodi. Dawa ilikuwa fupi: kufuta nakala zote, asili ibaki, printa ipumue. Akaandika rm -r nakala-*, kidole kikaenda kwenye kitufe.

"Simama!" Afande alinguruma hata Akello akainuka. "Wewe unafyatua bila kuangalia? Kwanza ukaguzi! Nani amesimama mbele ya hiyo bunduki yako?"

"Afande, tafadhali, dakika ishirini zimebaki..."

"Ukaguzi."

Kubishana naye kungemaliza hizo ishirini. Kwa hasira Hajarah alifuta rm akaweka ls -lt, inayopanga vitu kwa tarehe, kipya juu. Alisoma kwa sauti ya mtu anayemridhisha mtoto, kisha akaurudia mstari wa mwisho. Asili ilikuwa chini kabisa. Mara ya mwisho kuguswa ilikuwa siku ile aliyopanda teksi ya Buwenge. Na juu kabisa ilikuwa nakala-45, ya jana.

"Afande. Majina ya wiki hizi tatu umeandika wapi?"

"Kwenye nakala. Asili sigusi. Si umesema?"

Aliandika grep Romano, amri ya kutafuta neno ndani ya mafaili, kwanza kwenye asili. Hakuna kitu. Kisha kwenye nakala-45. Mstari mmoja ukatokea: Romano, miaka 19, Lira, dada yake ni askari wa magereza Mbale.

Akello alikuwa amesogea nyuma ya Hajarah, anausoma mstari ule huku midomo ikicheza. Hakuuliza kidole kile kilikuwa kinataka kufanya nini. Alijua.

Kunakili hakuwezekani, diski ilijaa. Lakini mv huhamisha jina tu, haiombi nafasi. Nakala-45 ikaitwa orodha-mpya. Akakagua tena, safari hii bila kuambiwa: ls nakala-*. Orodha-mpya haikuwa kwenye mstari wa bunduki.

"Nani amesimama mbele?" aliuliza Afande.

"Maiti watupu."

"Fyatua."

Nakala zilizobaki zikafutika, printa ikakohoa, ikatema karatasi. Akello aliweka kidole kwenye jina la Romano mpaka Afande alipomwomba akiondoe, muhuri upite. Kisha alitoka nayo mwenyewe, akapanda mbele na Bakhit. Jinja yuko nduguye. Kazini angejieleza kesho.

Pikapu ilipopinda kona, Afande Matia alibaki ameshika muhuri, anaitazama printa.

"Na zile mbili zingine?"

Hajarah alinyoosha mkono akazima printa.

"Haya," alisema mzee, akafunika muhuri. "Moja. Leo tu."