Harusi Chini ya Turubai

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekuta harusi ghalani mwangu mwenyewe, na mlangoni naulizwa kadi.

"Sina kadi. Ghala ni langu."

"Basi wewe ndiye baba wa maharusi," linasema tenga tupu lililosimama mlangoni. Linanisogezea kiti.

Wanaoolewa ni nyanya zangu zote, ambazo lori la mnunuzi linazifuata asubuhi. Mwaka wangu mzima umo humo. Nilizivuna zikiwa bado na maji ya mvua, nikazifunika gubigubi kwa turubai ili jirani yangu, Mama Kikoti, asizione. Jicho la yule mama nalijua mimi.

Bwana harusi anaingia. Ni Ukungu, yule wa kuozesha mazao. Kavaa kanzu ya kijivu yenye manyoya, ananishika mkono kwa adabu.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Marahaba. Nani kakupa mabinti zangu?"

"Washenga walikuja shambani."

Mara tuko shambani, nami nimekalia kiti kilekile. Majani ya nyanya yamejaa madoa ya kahawia.

"Washenga ndio sisi," yanasema madoa. "Kwa Mama Kikoti tulifukuzwa. Alitung'oa na majani yetu, akatuchoma moto. Akaja kukuonya na wewe, ukasema ana wivu."

"Lakini sikuwakubali."

"Ulinyamaza. Kimya cha mzazi ni ridhaa."

Mila ni mila.

Tunarudi ghalani. Ukungu anasifu maandalizi: joto lipo, unyevu upo, mabinti wamebanana, na turubai la sherehe nimelitoa mwenyewe.

"Wakwe wengine huacha upepo upite," ananong'ona. "Inatuvunja moyo sana."

Hapo naogopa kwelikweli. "Nani anaweza kuizuia ndoa hii?"

"Jirani. Lakini wewe jirani humtaki. Ndiyo maana tunakupenda."

Nikaamka. Kiganja changu cha kulia kilikuwa na vumbi la kijivu, laini, lenye harufu ya ghala.

Nilikwenda moja kwa moja kubisha hodi kwa Mama Kikoti.

"Karibu, jirani. Kwema?"

"Si kwema sana. Naomba unisaidie kuchambua nyanya kabla lori halijafika."

Nikampa mkono. Akautazama, hakuupokea.

"Kanawe kwanza," alisema. "Ukimaliza, lifunue hilo turubai. Nakuja na matenga makavu."