Aliyelitazama Tanuri

Kisiki alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauuondoi. Mkewe aliuona kila alipoinama kuwasha tanuri: kwanza mkono ukutani, kisha pumzi, ndipo goti. Jina hilo walimpa mafundi wenzake, kwa kuwa akishasimama mbele ya moto haondoki, hata inyeshe mvua ya mawe.

Karakana yao ilisubu sufuria kwa alumini iliyoyeyushwa. Tanuri lilikuwa pipa la chuma lililojengewa matofali kwa ndani, linakunywa oili chafu ya magari na kupuliziwa na feni yenye kikohozi. Mke alichambua chakavu, shemeji yake, mdogo wa Kisiki, alishindilia mchanga wa kalibu, lile umbo la kumiminia, na Kisiki akayeyusha na kumimina. Kazi ya watu sita, wakaigawana watatu.

Mke alikuwa akitenga mafungu mawili. La kulia, alumini safi. La kushoto, vya kutupwa: vyenye maji ndani, na mabomba ya pikipiki yaliyozibwa pande zote, maana kitu kilichozibwa kikipata moto hupasuka kama bomu.

Asubuhi hiyo aliinua kichwa akamwona mumewe ameinama kwenye fungu la kushoto. Kabla hajafungua kinywa, bomba lilishaingia tanurini.

"Toka hapo!"

Kisiki aligeuka kumtafuta anayepiga kelele. Mdogo wake akamdaka mshipi, wakaangukia mchangani pamoja. Tanuri likalipuka. Alumini iliyoyeyuka ikaruka hadi kwenye mabati, ikarudi matone matone. Moshi ulipopungua, Kisiki alikuwa ameungua mkono na sikio, na tanuri lina ufa kutoka mdomoni hadi chini.

Mke alimmwagia maji mkononi, kopo baada ya kopo.

"Lile bomba umeliokota wapi?"

"Kwenye fungu."

"Fungu lipi?"

Kisiki akaugeuza mkono chini ya maji. Mdogo wake akacheka, kicheko cha woga. "Kaka nawe! Mafungu yameachana hivi, hata kipofu..." Akaumeza mwisho wa maneno yake.

Mke aliweka kopo chini, akanyoosha vidole mbele ya uso wa mumewe.

"Vingapi?"

"Usinifanye mtoto."

"Vingapi, baba?"

"Mkono nauona," alisema hatimaye. "Vidole sivioni. Tangu mvua zile zilizopita."

"Na unamimina moto miguuni pa mdogo wako?"

"Moto nauona. Ndicho kitu pekee ninachokiona vizuri."

Mke alitaka kugomba, nguvu za kugomba akazikosa. Akaokota kopo, akaendelea kumwagia.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba huwapata sana wanaokodolea tanuri miaka nenda miaka rudi. Atapasuliwa, ila foleni ndefu, avumilie. Wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Watu wa mtaani wakadhani ni mapenzi.

Ufa waliuziba. Likabaki swali la nani atamimina.

"Mimi na moto hatusalimiani tena, shemeji," alisema mdogo mtu, akilipa tanuri mgongo.

Mke akachukua upawa wa kumiminia.

"Wewe?" Kisiki aliuliza.

"Yuko mwingine?"

Hakuwepo. Kisiki akaketi mchangani, akaanza kushindilia kalibu kwa kupapasa. Vidole vyake havikuhitaji macho. Yule mdogo akahamia kwenye chakavu.

Upawa ulikuwa mzito kuliko mke alivyodhani miaka yote aliyomtazama mumewe akiuinua. Jasho lilimwingia machoni, na mkono wa kulifuta haukuwepo. Sufuria za kwanza zilipopoa, Kisiki alizipitisha vidoleni moja moja, akizungusha ukingo.

"Hii ina tundu. Hii imekuwa nyembamba upande mmoja. Ulimimina kwa kusitasita."

"Nilichoka."

"Najua," alisema, wala hapakuwa na lawama sautini. "Mimi pia nilikuwa nachoka hapo hapo."

Akamsogezea kigoda. Mke akaketi, migongo yao ikagusana. Kisha akainuka, akazikusanya sufuria mbovu, akazirudisha motoni.