Picha Isiyo na Mdomo

Mchoraji alikuwa ameinama mezani, anachora tabaka za ngozi ya binadamu kwa ajili ya kitabu cha sayansi cha shule, mhariri alipobisha hodi na kuingia na habari. Dada mkubwa wa mchoraji, mwandishi ambaye riwaya zake zilisomwa mpaka na watu wasiopenda kusoma, alikuwa hoi kitandani. Kitabu chake cha mwisho kilikuwa karibu kwenda mtamboni, na nyuma ya jalada alitaka iwekwe sura yake iliyochorwa kwa mkono.

"Anasema umchore wewe," mhariri alisema. "La sivyo pabaki patupu."

"Basi pabaki patupu."

Yeye na dada yake walikuwa hawasemezani kwa miaka kumi na saba. Chanzo kilikuwa riwaya ya kwanza, ile iliyompa dada mtu jina. Ndani yake mama mmoja, hoi baada ya kukesha siku tatu na mtoto mwenye homa, anapitiwa na usingizi, na anapozinduka mtoto ameshapoa mikononi mwake. Wasomaji waliloa machozi. Mchoraji alipofika ukurasa ule alikaa kitako sakafuni, macho makavu. Mama yule alikuwa yeye. Siri ile alimwambia mtu mmoja tu, dada yake wa tumbo moja. Mume wake mchoraji alikuwa ameambiwa kwamba mtoto alikata roho mama yake akiwa macho, anamwangalia. Naye akaisoma riwaya. Siku ya nne alifunga virago.

Sasa kwa nini alikwenda kumchora, hata mwenyewe hakuweza kueleza. Asubuhi iliyofuata alijikuta mlangoni na ubao wake wa kuchorea na penseli nne.

"Karibu, mama mdogo," binti wa mwandishi alimpokea kwa sauti ya chini, akamwongoza chumbani. Mgonjwa alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu, shingo imebaki mishipa mitupu.

"Umezeeka," mwandishi alisema.

"Na wewe umebaki mifupa."

Mwandishi akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu. "Nichore hivi hivi. Ukinirembesha nitakutokea ndotoni."

Siku ya kwanza ilipita kwenye paji la uso na nywele. Siku ya pili alichora macho, na macho ya dada yake hayakubanduka kwake.

"Bado una kinyongo?"

"Usisogeze shingo."

Siku ya tatu, Ijumaa, karatasi ilikuwa imebakiza mdomo tu. Mwandishi alikuwa akihema kwa shida, lakini akataka kusema.

"Nilijua hadithi ile ni yako. Usidhani ilinitoka kwa bahati mbaya. Nilijiambia nikibadili mji na jina la mtoto, hakuna atakayejua."

"Mume wangu alijua."

"Nilisikia. Nikasema nitakuja kukuomba radhi nikimaliza kitabu cha pili. Halafu nikaanza cha tatu." Akajiinua kidogo kwenye mito. "Nisamehe, mdogo wangu."

Mchoraji aliishika penseli mpaka vidole vikamuuma. Kusamehe hakuweza. Kukataa mbele ya mtu aliye katika hali ile, nako hakuweza.

"Umechoka," alisema mwishowe, akikusanya vitu vyake. "Mdomo nitaumalizia Jumatatu."

"Jumatatu," mwandishi aliitikia, akafumba macho.

Alifariki Jumapili mchana.

Baada ya mazishi mhariri alimfuata, akamsihi amalizie kwa kukumbuka. Alijaribu. Kila alipokaa na karatasi ile, mdomo wa dada yake ulimjia ukiwa wazi, katikati ya neno "nisamehe", na mkono ukagoma. Kitabu kikatoka na picha ya zamani ya kamera, mwandishi akiwa kijana mwenye mashavu. Watu wakasema mdogo mtu ana roho mbaya, hata marehemu kamnyima. Hakujitetea.

Mwezi mmoja baadaye alimpelekea binti ule mchoro. Binti aliutazama kwa muda.

"Ile Jumapili aliniuliza mara nne leo ni siku gani," alisema. "Nilifikiri anaweweseka."

Mchoraji alitaka kuuliza kama dada yake alisema kitu kingine, ila aliogopa jibu. Akaomba maji. Binti alipokuwa jikoni, mchoraji alilia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, mdomo ameuziba kwa kitambaa ili asisikike.

Binti aliuning'iniza mchoro ukutani ulivyo, bila mdomo. Wanatembeleana. Mama mdogo akifika hukaa kiti cha mlangoni, ambapo ukuta ule anaupa mgongo, na binti hajawahi kumwambia ahame.