Nipe Akili

"Mia toa saba," alisema Maulida.

Marselino aliangalia kidole gumba cha mkono wake wa kushoto. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto la Oktoba, na kutoka ng'ambo ya barabara sauti ya mwanamume ikajibu, "Tisini na tatu."

Maulida alidhani ni watu wa dukani wanahesabu magunia. Akaendelea. "Toa saba tena."

"Themanini na sita," ikasema sauti.

Aliinuka akafunga dirisha, akauliza tena. Kimya. Akalifungua, akainama na kuuliza kwa kunong'ona sikioni mwa Marselino, na sauti ikajibu kule kule, "Sabini na tisa." Akauliza leo ni siku gani. "Jumanne," ikajibu, "na kesho patakuwa na upepo." Maulida alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa saikolojia tiba, amerudi Sumbawanga kwa mafunzo ya vitendo katika zahanati moja ya Malangali. Alikuwa amefundishwa kutoliamini jibu kabla ya kulijaribu kwa njia ya pili, na njia ya pili ilikuwa imemletea jibu lile lile.

"Usijisumbue, mwanangu," alisema Margareth, mke wa Marselino. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia ya mumewe mapajani. "Ni yeye huyo."

"Yeye si yupo hapa, mama?"

"Huyu ni mwili tu. Anakula, analala, ukimshika mkono anakwenda. Mwenyewe yuko kule tangu mavuno. Watu wanasema amerukwa na akili, nami nawaambia haijaruka, imevuka barabara."

Maulida aliandika hivyo. Chuoni wenzake walizoea kumtania kwamba mtu wa Rukwa hakosi kurukwa, naye alikuwa amecheka kila mara ili wamwache asome.

Margareth alimtazama kwa muda, kwanza pua, kisha paji la uso.

"Wewe ni wa kwa Mahmud, eh?"

"Ni baba yangu mdogo."

"Nilijua. Pua hiyo haijifichi," alisema Margareth, akaichukua kofia na kumvika mumewe, kana kwamba pengine wangeondoka.

Msimamizi wa Maulida, Bwana Cornelius, alisikiliza maelezo akiwa amesimama, mkono kwenye birika la chai.

"Majibu yalikuwa sahihi?"

"Yote."

"Basi mgonjwa amejibu sahihi, akiwa mbali kidogo. Duka lile la nani?"

"La baba mdogo."

"Na ada yako analipa nani?"

"Yeye."

Bwana Cornelius alijimiminia chai, akaikoroga muda mrefu kuliko sukari aliyotia. "Haya, wewe angalia mwenyewe," alisema. "Usiniletee kesi hapa."

Mahmud alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Malori yake yalishuka Kipili na mahindi na kupanda na dagaa, na duka lake lilikuwa na harufu ya vyote viwili. Hakuwa mtu mbaya kwa yeyote aliyemfahamu. Maulida alipofiwa na baba, yeye ndiye aliyemchukua.

"Karibu, daktari wetu!"

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umekula?"

Nyuma ya mizani, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, ilikaa akili ya Marselino. Maulida alikuwa ameisalimia kila siku tangu arudi, akidhani ni karani mpya. Ilifanana na Marselino aliyelala vizuri. Haikuwa na kivuli, na vumbi la duka halikutua juu yake. Siku ya kwanza vijana wa kupakia waliwahi kuiketisha kwenye mizani kwa mzaha, na mshale haukusogea.

"Baba mdogo, hiyo ni akili ya mgonjwa wangu."

"Ndiyo," alisema Mahmud. "Ya Marselino. Mbona hukuuliza siku zote?"

Akaeleza bila kushusha sauti. Marselino alikuwa mtu wa kuulizwa lini. Watu walimwuliza lini kupanda ulezi, lini kuuza, lini kupeleka barua ya posa, naye alifikiri, akajibu, akaenda zake. Wakati wa mavuno alipita dukani kununua chumvi. Mahmud akamwambia kama mtu yeyote anavyomwambia mwenziwe: Marselino, nipe akili, haya mahindi niyauze sasa au ningoje?

"Akafikiri kidogo," alisema Mahmud. "Kisha akanipa. Aliinuka akatoka, ikabaki imekaa."

"Hukumwita?"

"Nilimwita. Aligeuka, lakini hakujua nani ameitwa."

"Basi irudishe."

Mahmud alitabasamu kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto kusoma. "Ningekuwa nimeiazima, ningeirudisha siku ile ile. Sikusema niazime. Nilisema nipe. Kheri alikuwepo."

"Alisema nipe," alisema Kheri, dereva wa lori, aliyekuwa akikunja turubai mlangoni. "Mimi sina upande. Lakini neno lilikuwa hilo."

"Anakula nini huko?" aliuliza mtu nyuma. Ni Margareth. Alikuwa amevuka barabara akimwongoza mumewe kwa mkono.

"Inakula uji wa ulezi," alisema Mahmud. "Asubuhi na jioni. Haijawahi kulala na njaa."

"Analala wapi?"

"Inalala stoo. Nimeipa blanketi, ingawa haisikii baridi."

Wakaendelea hivyo, mmoja akiulizia mtu na mwingine akijibia kitu, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Marselino alisimama katikati yao, akitazama mizani.

Maulida akaigeukia akili yenyewe. "Unataka kurudi?"

"Kutaka ni kwa moyo," ilijibu kwa adabu. "Moyo anao yeye. Mimi najua lini tu."

"Haya, utarudi lini?"

"Siku atakayoniomba."

"Umesikia?" alisema Mahmud. "Mimi si mwizi. Aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake, nipe akili. Nitampa hapa hapa, na chumvi juu."

"Niseme mimi," alisema Margareth. Akaisogelea mizani. "Nipe akili."

Akili ilimtazama. "Usiuze yule ng'ombe mwekundu," ilisema. "Ana mimba."

Kheri aliguna akaendelea na turubai lake. Ushauri ulikuwa mzuri, na Margareth alijua kwamba ulikuwa mzuri.

"Nitamfundisha aseme," alisema Maulida. "Ni maneno mawili. Kuna njia ya kufundisha."

"Mfundishe, mama," alisema Mahmud. "Ndiyo kazi niliyokusomeshea. Ila usimharakishe, mambo ya kitaalamu hayataki haraka. Hivi chuo unamaliza lini?"

Kabla Maulida hajafungua mdomo, akili ikajibu kutoka kwenye kreti. "Julai."

"Julai," alisema Mahmud. "Si mbali."

Akamkatia Maulida kipande cha mkate wa kumimina, akamfungia kwenye karatasi. Maulida aliupokea kwa mikono miwili. Margareth aliutazama mkate ule mpaka ulipoingia mkobani.

Asubuhi ya Jumatano upepo ulikuja kama ilivyosemwa. Dukani kulikuwa na foleni. Palikuwa na mzee Wilibrodi kutoka Ilemba aliyetaka kujua lini ashushe mpunga, wenye malori wawili, na msichana aliyeposwa na watu wa pande mbili. Margareth alikwenda moja kwa moja mbele. Wingu lilikuwa limeanza kukaa upande wa mashariki na yeye alikuwa na shamba lisilopandwa.

"Mama, foleni," alisema mmoja wa wenye malori.

"Nakwenda kwa mume wangu."

"Mume wako si huyo uliyemshika mkono? Ile ni ya duka."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mzee Wilibrodi alisogea kumpa nafasi, lakini ilikuwa nafasi ya mwisho. Margareth akasimama hapo na mumewe. Ilipofika zamu yake akauliza apande lini, akajibiwa, akashukuru kama wengine. Akili haikumwita kwa jina. Ilimwambia pia amfunge mume wake vifungo vya shati, kwa sababu upepo ungezidi.

Mchana huo Maulida alianza kazi. Alimketisha Marselino chini ya dirisha, akalifunga ili akili isimjibie. Vitabu vilisema neno gumu likatwe vipande, na kipande kimoja kikae kabla ya kuongezwa kingine. Alikaa mbele yake, magoti karibu yaguse magoti, akaonyesha midomo yake.

"Ni."

Marselino aliangalia midomo.

"Ni."

Walifanya hivyo wiki nzima. Bwana Cornelius alipita mlangoni mara kwa mara na hakuingia. Mahmud alimtuma Kheri na chupa ya chai ya wagonjwa, na Kheri, akiiweka mezani, aliuliza kwa sauti ya kawaida mgonjwa amefika wapi. Maulida alisema bado. Baadaye alijiuliza kwa nini alijibu haraka vile.

Jumanne iliyofuata, jioni, Marselino alibana meno, akavuta pumzi, akasema, "Ni."

Margareth alisimama. Maulida aliandika saa na neno.

"Ni," alisema tena Marselino, waziwazi. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Midomo yake ikafungana, ikakaa imefungana, kama ya mtu aliye tayari kwa herufi inayofuata.

"Vizuri sana," alisema Maulida. Akafunga kalamu. "Tutaendelea kesho."

"Kwa nini kesho?" aliuliza Margareth.

"Kipande hiki lazima kikae kwanza, mama. Ndivyo inavyofanywa. Tukiongeza haraka atapoteza hata hiki."

"Mtazame midomo."

Maulida alitazama. Midomo ilikuwa bado imefungana, na shavu moja lilikuwa limeanza kujaa pumzi.

"Jua bado lipo," alisema Margareth. "Duka bado liko wazi. Ni neno moja limebaki nusu, na lingine. Ndivyo kitabu kinavyosema, au ndivyo Julai inavyosema?"

Aliuliza kwa utulivu, kama mtu anayetaka kujua. Maulida alifikiri kwa uaminifu. Kitabu kilisema hivyo kweli, angeweza kumwonyesha ukurasa. Na kule ng'ambo mtu alikuwa akiuliza lini, na sauti ya Marselino ilikuwa ikimjibu taratibu, na mizani iligonga chuma, na ada ya muhula wa mwisho ilikuwa haijatumwa.

"Kitabu," alisema.

Margareth aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Akamshika mumewe mkono, akamwinua, wakatoka wakipanda njia ya juu kuelekea shambani, yeye mbele, Marselino nyuma yake na midomo imefungana hivyo hivyo. Maulida alipanga viti viwili vikitazamana, tayari kwa asubuhi. Kisha akavuka barabara, kwa sababu kwa baba yake mdogo walikuwa wamekwisha kupakua chakula.