Kabla Katoni Haijafunguliwa

Jumatano, saa tisa na dakika arobaini alasiri, hapo ndipo nilipobonyeza kitufe cha kutuma, nilitazama saa kwa sababu mimi hutazama saa kila nikimaliza kitu, nikanyoosha mgongo, nikajisifu, na sasa ni kesho yake asubuhi na nimesimama mbele ya meza ya ukaguzi, na mkaguzi, mama mnene mwenye miwani aliyoipandisha kichwani, ananyoosha mkono bila kutazama na kuuliza kisu kiko wapi, kila siku kisu jamani, na yule mchukuzi wanayemwita Komandoo anainua kipande cha kamba kilichofungwa kwenye mguu wa meza na kusema, kamba ipo mama, kisu ndicho hakipo, mwizi kakata kamba kwa kisu hichohicho, na mkaguzi hacheki, anasema katafute, na mimi ndiye ninayecheka, cheko baya, kama mtu aliyepaliwa... katoni iko pale, imefungwa, selotepu ya kahawia imepita katikati yake sawasawa, ndani kuna vifurushi vya kufumia kofia za watoto, madonge mawili ya uzi wa sufu, sindano mbili, vifungo, karatasi ya maelekezo, na mimi ndiye niliyeandika kwenye tamko la forodha kwamba vimetoka nchi jirani, na havikutoka nchi jirani... msimbo wa ushuru wa bidhaa niliupata sawa, hapo hakuna wa kuniambia kitu, asubuhi nzima ya jana iliishia hapo, je, hiki kifurushi ni sindano, ni karatasi, au ni uzi, nikaifuata kanuni neno kwa neno, angalia ni kitu gani kinachokipa kifurushi maana yake, toa sindano, utaazima nyingine, toa vifungo, kofia bado ni kofia, toa uzi, umebaki na nini, basi ni uzi, uzi wa sufu uliofungashwa kwa kuuzwa rejareja, nikaona raha kama zamani chuoni nikimaliza hesabu iliyowashinda wenzangu, halafu nikafika kwenye nchi ya asili, nikaugeuza mfuko wa sampuli, nikasoma maandishi makubwa ya nyuma, nikaandika, sikuufungua hata ule mfuko, mimi, ambaye nikinunua dawa ya meno nasoma boksi lote, nchi jirani, ushuru nafuu, tuma... Binti, anasema mkaguzi, binti, mzee wako mbona hatumwoni siku hizi, nasema Mjomba anaumwa, mama, kiharusi, nacho kilikuwa kidogo, anaendelea vizuri, anasema, maskini, lakini naona tamko la jana lina jina lake, yaani anafanya kazi akiwa kitandani, huyo ndiye mtu, si hawa vijana wa siku hizi, na mimi nasema ndiyo mama, nimesema ndiyo, kwa nini nimesema ndiyo... jina langu halipo popote, mfumo unamjua Mjomba tu, leseni ya uwakala ni yake, neno la siri ni lake, alinipa akiwa wodini, akilitamka polepole kwa mdomo uliokuwa bado umepinda, kwa sababu ofisi ile ni yeye na mimi na birika la chai, na leseni yangu mimi hata usaili wake sijaitiwa, akasema tumia mpaka nitakapoinuka, nakuamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe... na jana jioni nikampelekea nyumbani ile sampuli, kumchekesha tu, mtaalamu wa viungo amemwambia achezeshe vidole vya mkono wa kushoto naye kachoka kuminya mpira, akasema, mpwa wangu, umri wangu wote wakala wa forodha, leo unanigeuza bibi, na mkewe akajibu kutoka jikoni, afadhali bibi, bibi atatulia, na tulikuwa tunacheka, nakumbuka vizuri kwamba tulikuwa tunacheka, alipolivuta donge moja kutoka mfukoni na ile karatasi nyembamba iliyolizunguka ikateleza ikaanguka juu ya shuka, nikaiokota nisome jina la rangi, na pale chini, herufi ndogo kama sisimizi, umesokotwa kule, mbali, nchi isiyo na nafuu yoyote na sisi, umefungashwa jirani... umefungashwa, basi, wametia mfukoni wamebandika lebo, na kutia mfukoni hakuufanyi uzi uwe wao, mtoto wa mwaka wa kwanza analijua hilo, na Mjomba akasema mbona umenyamaza, nikasema nimechoka, akasema mzigo wa yule mama wa duka la nyuzi umekwenda, nikasema umekwenda, akasema safi, ningekuwa na mikono miwili ningekupigia makofi, na mkewe akacheka, na daktari alituambia msimpe habari za kushtua, nikaaga haraka, nikiwa kwenye ngazi nikafungua mfumo kwa simu nirekebishe, tayari, mzigo umepangiwa mkaguzi, mabadiliko hayapokelewi tena mtandaoni, ni mbele ya mkaguzi mwenyewe, kwa mdomo... Komandoo anapiga kelele kutoka meza ya tatu, hawa nao hawana, wanasema wanatumia meno, na mtu anacheka, mkaguzi anasema waambie nitawapa na ulimi... labda hatasoma, labda atachukua kifurushi cha juu, ataugeuza mfuko kama nilivyougeuza mimi, ataona maandishi makubwa, atapiga muhuri, miwani iko kichwani, labda haitashuka, namwombea mama wa watu asione vizuri, nimefika huku, na akilifungua donge moja tu, moja kati ya hayo yote... Mjomba alinifundisha kwenye meza hiihii, wiki yangu ya kwanza, akanivuta pembeni akasema kabla katoni haijafunguliwa ukisema, wewe ni mtu aliyekosea, ikishafunguliwa ukasema, wewe ni mtu aliyekamatwa, na maneno yatakuwa yaleyale... lakini nikisema nitaulizwa aliyeandika ni nani, na kutumia neno la siri la mwingine ni kosa jingine, kubwa kuliko la uzi, usaili nitausikia kwa wenzangu, ndiyo maana nimenyamaza, hapana, nimenyamaza kwa ajili ya Mjomba, asishtuke, apone, ndivyo nilivyojiambia njia nzima, apone kwanza... halafu, ngoja, donge likifunguliwa nani atapigiwa simu, si mimi, mimi sipo, simu italia pale kitandani, mkewe ataichukua ampe, na sauti asiyoijua itamsomea jina lake lote, polepole, na kumuuliza kwa nini ulidanganya, naye hatajua wanazungumzia nini, na hatanitaja, namjua, atasema ni mimi, atasema nilikosea, kwa mdomo ule... kwa hiyo ninamkinga na nini, hakuna ninachomkinga, nimejibanza nyuma ya mgonjwa, ndiyo hiyo, woga huu tangu jana nauita wake, nimempa dawa yangu ainywe yeye... na nilidhani mtu akishajua la kufanya woga unapungua, haupungui, unakaa palepale na wewe unakaa nao... huyu anakuja, Komandoo, ameshika mkasi mdogo wa kukatia kucha, anasema ndicho kilichopatikana mama, kwa hisani ya dada wa mapokezi, urudi mzima, na mkaguzi anaupokea kwa vidole viwili, anauangalia, anasema haya, kuliko meno, na anaivuta katoni kwake, ncha ya mkasi inatafuta pale selotepu ilipoanzia, anasema sogea kidogo binti, na sisogei, naona mkono wangu unapita juu ya meza, natandaza kiganja chote juu ya selotepu, anasema toa mkono nisikukate, nasema mama, subiri usikate, tamko hili hakuliandika Mjomba, nimeliandika mimi, na nchi niliyoiandika siyo.